Jengo Lililokosa Mlezi

Mnamo Aprili 12 mwaka wa 2022, mafundi walianza kulibomoa jengo moja katika mtaa wa Ginza jijini Tokyo. Halikuwa refu kwa vipimo vya jiji hilo, wala halikuwa kasri la mfalme au hekalu la kale. Umri wake ulikuwa miaka 50 tu. Hata hivyo, watu walisimama barabarani wakiwa na kamera, na wasanifu wa majengo katika mataifa mengi wakaandika tanzia kana kwamba wamefiwa na mtu. Jengo hilo liliitwa Nakagin Capsule Tower. Aliyelisanifu ni Kisho Kurokawa, naye alilikamilisha mwaka wa 1972 kabla ya kufikisha umri wa miaka 40.

Ajabu ya kifo hicho ni kwamba jengo lenyewe lilibuniwa lisife. Liliundwa kwa vipande vya kubadilishwa, ili kilichochakaa king'olewe na kipya kitiwe mahali pake, na mwili mzima uendelee kuishi. Katika nusu karne hiyo, hakuna hata kipande kimoja kilichobadilishwa. Safu hii inanuia kuuliza ni kwa nini. Jibu linalotolewa aghalabu halitoshi, na jibu linalotosha linamhusu kila mtu anayeanzisha jambo akitumaini kwamba wengine wataliendeleza.

Kwanza tulitazame jengo lenyewe. Lilikuwa na minara miwili ya zege, mmoja wenye orofa 11 na mwingine 13, iliyobeba ngazi, lifti na mabomba. Kwenye minara hiyo zilitungikwa kapsuli 140, yaani vyumba vya chuma vilivyoundwa kiwandani mkoani Shiga, vikasafirishwa kwa malori hadi Tokyo, vikainuliwa kwa kreni na kukazwa kwenye mnara kwa bolti nne kila kimoja. Kila kapsuli ilikuwa na upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 4. Darasa la kawaida lingezimeza nne au tano bila shida. Ndani mlikuwa na kitanda, meza ya kukunjwa, jokofu, runinga, simu, kinasasauti cha kanda, na bafu dogo lenye choo. Dirisha lilikuwa moja tu, la mviringo, lenye kipenyo cha mita 1.3. Jiko halikuwamo. Mnunuzi aliyelengwa alikuwa mfanyakazi wa afisi aliyeishi mbali na jiji, ambaye alihitaji mahali pa kulala siku za kazi, na chakula alitarajiwa kukipata mtaani.

Kurokawa alikadiria kwamba minara ingedumu kwa miaka 60 hivi, ilhali kapsuli zingedumu kwa miaka 25. Baada ya muda huo, kila kapsuli ingefunguliwa bolti zake na mpya ingekazwa mahali pake. Kwa mtazamo huo, jengo lilifanana na mti: shina husimama, majani hupukutika na kuchipuka tena.

Fikra hii haikuzuka vivi hivi. Miji ya Japani iliteketezwa kwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, na vijana waliosomea usanifu baada ya mwaka wa 1945 walikulia katika majivu. Wakati uo huo watu walimiminika mijini kwa kasi isiyokuwa na kifani, hata wakazi wa Tokyo wakapita milioni 10 mwaka wa 1962. Ardhi ilikuwa haba na ya bei ghali. Mwaka wa 1960, Kongamano la Dunia la Usanifu lilipofanyika Tokyo, kundi dogo la vijana lilitoa kijitabu cha mapendekezo kuhusu mji mpya. Miongoni mwao walikuwamo Kiyonori Kikutake, Fumihiko Maki, Masato Otaka, mhakiki Noboru Kawazoe, na Kurokawa mwenyewe, ambaye ndiye aliyekuwa mdogo wao. Nyuma yao alisimama Kenzo Tange, msanifu wa makumbusho ya amani ya Hiroshima.

Vijana hao walijiita kwa jina ambalo mwalimu wa bayolojia atalitambua mara moja: umetaboli. Mwanafunzi hufundishwa kwamba umetaboli ni ule utendakazi wa mwili wa kujenga na kuvunja, ambao kwao seli huchakaa na kufa, nyingine zikazaliwa, na kiumbe akaendelea kuwa yule yule. Neno la Kijapani la dhana hiyo, shinchintaisha, hubeba pia maana ya kikuukuu kukipisha kipya. Walichodai ni kwamba mji nao ni kiumbe hai. Haufai kujengwa kama sanamu ya jiwe, bali kama mwili unaojiumba upya kila uchao.

Mwaka wa 1970 maonyesho ya dunia yalifanyika Osaka, na watu wapatao milioni 64 waliyatembelea. Kurokawa alikuwa na banda lake huko, lililoundwa kwa fremu za chuma na kapsuli zilizopachikwa humo. Miaka miwili baadaye jengo la Nakagin likasimama Ginza, na mengine yakafuata. Mwaka wa 1976, mnara wa kampuni ya Sony aliousanifu Kurokawa ulikamilika jijini Osaka, nao ulikuwa na kapsuli zilizotokeza nje. Mwaka wa 1979, katika jiji lilo hilo, ilifunguliwa hoteli ya kwanza ya kapsuli, ambamo mgeni hulala katika kisanduku kilichopangwa juu ya kingine. Kwa muda mfupi ilionekana kwamba karne ijayo ingekuwa karne ya kapsuli.

Haikuwa hivyo. Mgogoro wa mafuta wa mwaka wa 1973 uliitikisa Japani, na hamu ya majaribio makubwa ikapungua. Mnara wa Sony mjini Osaka ulibomolewa mwaka wa 2006, ukiwa na umri wa miaka 30. Jengo la Nakagin nalo lilifikia mwaka wa 1997, ule ambao kapsuli zake zilipaswa kubadilishwa, na hakuna aliyeleta kreni. Mabomba yaliyopita katika nafasi finyu kati ya minara na kapsuli yalivuja na hayakufikika kwa urahisi. Kuta zilikuwa na asbesto. Maji ya mvua yalipenya ndani, kutu ikala chuma, na maji ya moto yakakatika. Wengi wa wenyewe waliacha kulala humo, na wengine wakazigeuza kapsuli zao kuwa ghala.

Mnamo Aprili 2007, wamiliki walipiga kura na kuamua kwamba jengo libomolewe na jipya lijengwe mahali pake. Kurokawa alipinga. Alishikilia kwamba minara ibaki na kapsuli pekee zibadilishwe, kama ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Alifariki mwezi Oktoba mwaka huo huo. Msukosuko wa kiuchumi uliofuata mwaka wa 2008 uliukwamisha mpango wa kubomoa, na jengo likapata muhula mwingine wa zaidi ya miaka kumi. Katika muhula huo lilipata wapenzi wapya: vijana waliokodisha kapsuli, wasanii, watalii, na kundi la wamiliki waliozinunua kapsuli moja moja ili kura zao zilinde jengo. Lakini mwaka wa 2021 wamiliki walikubali kuuza, na mwaka uliofuata kazi ya kubomoa ikaanza.

Wapo wanaosema kwamba kisa hiki ni cha ndoto ya vijana iliyogongana na ukweli. Jengo, wasema hao, lilikuwa dogo mno kwa kuishi, lilikuwa na sumu kutani, na lilistahili kuondoka. Hoja hii ina uzito. Hakuna mtu mwenye busara anayetaka binadamu alale chini ya dari linalovuja, karibu na asbesto, kwa heshima ya sanaa. Lakini wanaosema hivyo wanaukosoa ugonjwa ambao tiba yake ilikwisha kuandikwa. Kapsuli ya mwaka wa 1972 haikukusudiwa kukaliwa mwaka wa 2022. Kapsuli ya pili, isiyo na asbesto na yenye mabomba bora, ilipaswa kuwa imekwisha kuingia na hata kuanza kuzeeka. Kumhukumu msanifu kwa uchakavu wa kitu alichosema wazi kwamba kitachakaa si haki.

Wengine husema kwamba tamaa ndiyo iliyoua. Ginza ni mojawapo ya sehemu zenye ardhi ghali kuliko zote duniani, na jengo refu zaidi lingeleta faida kubwa zaidi. Hoja hii nayo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, ardhi ya Ginza ilikuwa ghali mwaka wa 1972 pia, na jengo likajengwa. Isitoshe, tamaa haikuwazuia wamiliki kubadilisha kapsuli mwaka wa 1997. Kilichowazuia ni jambo jingine, na hapa ndipo tunapofikia kiini cha suala.

Kapsuli 140 ziliuzwa moja moja. Kila mnunuzi alikuwa mmiliki wa chumba chake na mshirika katika minara, ngazi na mabomba. Kwa nadharia, kila kapsuli ingeweza kuchomolewa peke yake. Kwa vitendo, zilipangwa karibu karibu mno, na kuichomoa moja ya chini kungelazimu kuziondoa zilizo juu yake. Kwa hiyo mmiliki mmoja, hata kama angekuwa na fedha mkononi, hangeweza kubadilisha kapsuli yake bila idhini na gharama za majirani. Ikabidi wote waamue pamoja, na wote walipe pamoja. Mmoja alikuwa mzee, mwingine alihamia mbali, mwingine alinunua ili auze, mwingine aliipenda kapsuli yake kama ilivyo. Sheria ya wakati huo ilidai kura za angalau wamiliki wanne katika kila watano kwa uamuzi wa kubomoa na kujenga upya. Wahenga walisema kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Humu hamkuwa na nahodha wengi tu. Hamkuwa na nahodha aliyepewa kazi hiyo hasa.

Kurokawa alisanifu bolti, lakini hakuna aliyesanifu wajibu. Hakuna aliyepewa jukumu la kusema, siku ilipofika, kwamba sasa ni zamu ya kubadilisha, na fedha zake hizi hapa. Uwezekano wa kubadilishwa uliachwa ndani ya chuma, kana kwamba chuma kitajikumbusha chenyewe. Katika mwili wa kiumbe, seli haisubiri kura. Hapo ndipo mfano wa mwili na mji ulipoachana na ukweli, na hapo ndipo vijana wa mwaka wa 1960, pamoja na vipaji vyao vyote, walipopungukiwa.

Msomaji anayedhani kwamba tunamwonea Kurokawa na atazame mifano mitatu, yote ya Japani.

Wa kwanza ni wa mwenzake, Kikutake. Mwaka wa 1958 alijijengea nyumba jijini Tokyo, ukumbi mmoja ulioinuliwa juu ya kuta nne za zege. Alipopata watoto, alikitundika chumba chao chini ya sakafu; walipokua, kikaondolewa. Nyumba hiyo ilibadilika mara kadhaa kadiri jamii yake ilivyobadilika. Umetaboli ulifanya kazi humo kwa sababu msanifu, mmiliki na mlipaji alikuwa mtu mmoja, naye alilala humo humo.

Wa pili ni hoteli za kapsuli. Mtindo ulioanzia Osaka ulienea katika miji mingi, na hadi leo msafiri huzikuta. Kisanduku cha kulalia kikichakaa, mwenye hoteli hukitupa na kuleta kingine, wala hahitaji kuitisha mkutano. Ni jambo la kutafakari kwamba wazo hilo lilisalia katika umbo lake la chini kabisa, kitanda cha usiku mmoja, na likafa katika umbo lake adhimu.

Mfano wa tatu ndio mkubwa zaidi, nao ni wa kale. Katika mji wa Ise kuna madhabahu makuu ya dini ya Shinto, yaliyojengwa kwa mbao. Tangu mwishoni mwa karne ya 7, madhabahu hayo hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwenye kiwanja kilicho kando ya kile cha zamani, kwa umbo lile lile. Vita viliwahi kuukatiza utaratibu huo kwa zaidi ya miaka mia moja katika karne za 15 na 16, lakini ukafufuliwa. Ujenzi wa 62 ulikamilika mwaka wa 2013. Ujao ni wa mwaka wa 2033, na ibada za matayarisho yake zilianza mwaka wa 2025. Wanaumetaboli waliyajua vyema madhabahu hayo. Tange na Kawazoe waliyaandikia kitabu. Waliona humo uthibitisho kwamba kwa Mjapani kitu kinaweza kuwa cha kale na kipya kwa wakati mmoja.

Waliyaona majengo, lakini yamkini hawakuupa uzito wa kutosha utaratibu unaoyazunguka. Nyuma ya mbao za Ise kuna msitu. Katika miaka ya 1920 ulianzishwa mpango wa kupanda miti ya kutumiwa na vizazi vya karne zijazo, na waliopanda walijua fika kwamba hawatauona ukikatwa. Kuna mafundi ambao, katika mizunguko hiyo ya miaka 20, wanaweza kushiriki wakiwa wanagenzi, kisha wakiwa mafundi kamili, na hatimaye wakiwa wazee wa kuelekeza. Kuna wafumaji na wahunzi wanaotengeneza upya mavazi na silaha takatifu. Kuna michango inayokusanywa na tarehe isiyojadiliwa. Bolti za Ise si za chuma. Ni watu, miti na kalenda. Ukiviondoa vitu hivyo, madhabahu yale yangeoza kama mbao nyingine yoyote, na watalii wangepiga picha za magofu.

Je, kapsuli mpya zingelifanya jengo la Nakagin kuwa nakala tu ya lile la asili? Swali hili huulizwa na wahifadhi, na Ise imekwisha kulijibu. Kwa jengo lililoumbwa libadilike, uhalisi wake umo katika kubadilika. Kapsuli ya asili iliyozeeka mahali pake ilikuwa mbali zaidi na kusudi la mwenye kuibuni kuliko mpya ambayo ingeipokea zamu.

Wakati wa kubomoa, kapsuli 23 ziliokolewa. Baadhi zilikarabatiwa na kupelekwa katika majumba ya makumbusho, ndani na nje ya Japani. Moja ilionyeshwa jijini New York kuanzia mwaka wa 2025. Tunawashukuru waliozihifadhi, kwani bila wao kizazi kijacho kingebaki na picha pekee. Hata hivyo, tusijidanganye. Kapsuli moja sakafuni mwa makumbusho ni kama jani lililokaushwa ndani ya kitabu. Linatufundisha umbo la jani. Halitufundishi jinsi mti unavyoishi.

Kwa walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu, kisa cha Ginza kina funzo lisilo la usanifu peke yake. Tumezoea kuwasifu waanzilishi. Mitihani huuliza ni nani aliyebuni, ni mwaka gani, na wazo lilikuwa nini. Ni nadra kuuliza ni nani aliyeachiwa kazi ya kuendeleza, alilipwa na nani, na alijuaje kwamba siku yake imefika. Lakini ni maswali hayo yanayoamua kama maktaba itakuwa na vitabu vipya baada ya miaka kumi, au kama chama cha wanafunzi kitaishi baada ya mwenyekiti wake wa kwanza kuhitimu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema methali. Tungependa kuongeza kwamba ufa hauzibwi na kila mtu. Huzibwa na mtu aliyetajwa jina.

Kurokawa alistahili heshima aliyopewa, maana aliona mbele kuliko wengi. Kosa lililomshinda si la zege wala la chuma. Ni lile la kuamini kwamba kitu kinachoweza kubadilishwa kitabadilishwa. Mwalimu atakapowaonyesha wanafunzi wake picha ya madirisha yale 140 ya mviringo, na awaulize kwanza wanadhani lilikuwa jengo zuri au baya. Kisha awaulize: mwaka wa 1997 ulipowadia, ni nani aliyepaswa kubisha mlangoni?